Paka wako akipotea Nairobi, soo mbili ya kanjo itakusaidia aje?

Kama uko Nairobi mwezi huu wa Agosti 2024 na bado hujaskia stori ya leseni ya paka, basi bando zako ziliisha kitambo. Acha nikupange. Kuna mswada wa Kaunti ya Nairobi wa kudhibiti na kulinda wanyama. Umebeba mwaka wa 2023 kwa jina lake, lakini ni sasa ndio watu wameufungua wakausoma. Unasema ukifuga paka hapa mjini lazima umsajili kila mwaka na ulipe shilingi 200. Lazima uonyeshe kwamba amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Akiwa kwenye joto, umfungie ndani. Halafu kuna ile sehemu imefanya watu wa X wasilale: uhakikishe paka wako hapigi mayowe ya kusumbua amani ya majirani.

Cheka kwanza, tuko pamoja. Aliyeandika hiyo sentensi hajawahi kuishi na paka. Ama ameishi naye, na hapo ndipo hasira ilitoka.

Na wakati wenyewe wa kuleta hii maneno! Tarehe 26 Juni Rais alikataa kusaini Mswada wa Fedha wa 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na wengine kupoteza maisha. Miezi miwili haijapita vizuri, na hapa kuna karatasi nyingine inataka doo, safari hii kwa jina la nyau. Kwa hivyo usishangae watu wakiita kila kitu ushuru kabla hawajafika ukurasa wa pili. Mtu akishaumwa na nyoka, hata ung'ong'o unamshtua.

Lakini tukiweka mzaha kando, kuna siku moja ambayo kuwa mwenye paka kunageuka kuwa kazi ya kweli, na si siku ya kulipa leseni. Ni siku amepotea. Umerudi kutoka job saa mbili usiku, umefungua mlango wa keja, na hakuna mtu anakuja kujisugua kwa miguu yako. Umeita mara tatu. Umetikisa ile mkebe ya chakula. Kimya. Hiyo ndiyo siku ya kupima kama hii sheria iko na kichwa ama ni kitabu cha risiti tu. Ukiisoma na hiyo macho, kuna kitu kibaya zaidi ya shilingi 200 ndani yake.

Tuanze na kutafuta kwenyewe, kwa sababu wengi hutafuta vibaya.

Kosa la kwanza ni kudhani paka amesafiri. Unaanza kuwaza ameshafika Githurai, amepanda mathree, ameokotwa na mtu wa Runda na sasa anakula samaki. Watafiti wa Australia walichapisha utafiti mwaka wa 2018 wakiangalia kesi zaidi ya 1,200 za paka waliopotea. Robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipotokea. Mita 500, buda. Kwa mtaa wetu hiyo ni kutoka stage hadi kwa gate yako, na kibanda cha smokie katikati. Thuluthi moja ya paka walirudi mikononi mwa wenyewe ndani ya siku saba, na kufikia mwaka mmoja ilikuwa asilimia 61. Baada ya hapo ni kama hakuna. Na waliotoka wakatafuta kwa miguu, kwa kuinama na kuchungulia, walionekana kuwa na nafasi nzuri zaidi ya kumpata paka akiwa hai kuliko waliokaa wakingoja.

Kwa hivyo kabla hujaweka picha yake status, inama. Angalia chini ya gari zilizoparkiwa, nyuma ya tangi za maji juu ya ploti, ndani ya kile kijumba cha mita za stima ambacho hakifungi, kwa store ya caretaker, kwa ile shimo nyembamba kati ya flat yenu na ya jirani ambapo kila mtu hutupa vitu na hakuna anayefagia. Omba kila jirani afungue store yake na achungulie chini ya kitanda. Huo utafiti uligundua paka wenye udaku, wale wa kuingiza pua kila mahali, ndio hupatikana sana ndani ya nyumba za watu wengine. Jirani alienda kazi asubuhi, akafunga mlango, na hajui amefungia mgeni.

Kama unaishi juu, anza chini. Madaktari wa mifugo wa New York waliandika mwaka wa 1987 kuhusu paka 132 walioanguka kutoka ghorofa na kupelekwa kliniki moja. Asilimia 90 walipona. Usichukulie hiyo kama ruhusa ya kuacha dirisha wazi, kwa sababu wengi waliumia kifua na taya. Lakini kama Chapo alikuwa amekaa kwa dirisha ya ghorofa ya tano na sasa hayuko, usianze kuomboleza. Kuna uwezekano mkubwa yuko hai, ameumia, na amejificha mahali pa karibu kabisa na pale alipoangukia.

Na hatakujibu. Hii ndiyo kitu inauma watu roho. Paka anayeogopa hanyanyui sauti hata akiskia mwenye anamlisha akiita jina lake mita mbili kando. Kwake yeye kulia ni kujianika kwa adui. Watu huita dakika kumi, hawaskii kitu, wanaamua hayuko hapo, wanaenda mtaa mwingine. Na alikuwa hapo. Rudi saa nane usiku, wakati pikipiki zimenyamaza na ile baa ya kona imezima spika. Beba tochi ya simu, uishike karibu na macho yako, uangaze chini pole pole. Macho ya paka yana utando nyuma unaorudisha mwanga, kwa hivyo utaona taa mbili ndogo kabla uone paka. Omena iliyopashwa moto inafanya kazi kuliko kuita jina. Acha na fulana yako ambayo haijafuliwa karibu na mlango, anajua harufu yako kuliko sauti yako.

Hapo ni bidii tu, na bidii vijana wa Nairobi wako nayo. Sasa ingia kwa shida ambazo bidii haimalizi.

Fikiria hizi ploti zetu. Flat nyingi za kupanga zina ile sheria ya "hakuna wanyama", imeandikwa kwa karatasi ya mkataba ama imetamkwa tu na caretaker siku ya kuingia. Na bado watu wanafuga, kwa sababu panya ni wengi na kukaa peke yako kwa bedsitter ni noma. Kwa hivyo paka anaishi kama mhamiaji bila karatasi. Anaingizwa kwa begi, mchanga wake unatolewa usiku, mlango ukigongwa anasukumwa bafuni. Siku akipotea utafanya nini? Utabandika tangazo kwa ngazi, na jina na namba yako, pale landlord hupita akikusanya rent? Utaandika kwa grupu ya WhatsApp ya ploti, ambayo caretaker ndiye admin? Wengi hawaandiki. Wanatafuta kimya kimya, wakijifanya wametoka kutupa takataka. Zile siku saba za kwanza, ambazo ndizo za maana, zinaisha hivyo.

Halafu kuna yule paka wa kila mtu. Unamjua. Anakula kwa mama wa kibanda mchana, analala kwa watchie usiku, asubuhi anaonekana kwa dirisha yako akidai maziwa. Huyo ana mwenyewe? Ukiuliza, kila mtu anatabasamu na kusema "anakujanga tu." Nairobi imejaa paka wa "anakujanga tu". Wanapendwa, wanalishwa, wana hadi majina matatu kila mmoja. Wakipotea, hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba wamepotea, kwa sababu kila nyumba inadhani amehamia kwa ile nyingine.

Sasa leta leseni hapo katikati. Leo mtu akiulizwa "huyu paka ni wako?" anasema ndio, kwa sababu kusema ndio hakugharimu kitu. Kesho, kama mswada utapita vile ulivyo, kusema ndio kutakuwa na bei. Shilingi 200 za leseni ni ndogo, lakini kuna chanjo, kuna kupanga foleni, kuna uwezekano wa kanjo kuuliza maswali mlangoni, na kuna jirani ambaye sasa ana kifungu cha sheria cha kukushtaki paka akilia usiku. Wewe utajibu nini? "Si wangu. Anakujanga tu."

Hapo ndipo mimi naona mswada umejikwaa. Kitu kinachomrudisha paka nyumbani ni mtu mmoja kusimama wazi na kusema "huyo ni wangu, namba yangu ni hii." Ukiweka ada kwa hilo jibu, halafu usirudishe kitu chochote, unafundisha mji mzima kukana paka wake. Wale waaminifu watalipa, wale wengine watanyamaza, na rejista itakuwa na paka wa Kilimani na Lavington pekee. Paka wa Kayole atakuwa hayupo kwa vitabu, na akipatikana Umoja hakuna mtu wa kumpigia.

Piga hesabu nyingine. Soo mbili kwa cyber ya mtaa, pale wanapochaji ashu kwa karatasi, inakutolea matangazo 20 ya picha na namba ya simu. Matangazo 20 yanatosha kila gate ndani ya zile mita 500. Kwa hivyo kaunti inaposema inataka hiyo soo mbili yako kila mwaka, swali halali kabisa ni hili: mtanifanyia nini kinachozidi matangazo 20?

Jibu zuri lipo, na wenzetu wengine wamelifikia. England iliweka sheria iliyoanza tarehe 10 Juni mwaka huu wa 2024: kila paka wa kufugwa aliyepita wiki 20 lazima awekwe chipu, na usipofanya hivyo faini inaweza kufika pauni 500. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele, kinadungwa chini ya ngozi pale mabegani. Ndani kuna namba tu. Paka akiokotwa, daktari anapitisha mashine, namba inasomeka, rejista inatoa simu ya mwenyewe. Unalipa kuweka mara moja, na inakaa na paka maisha yake yote.

(Usichanganye na tracker. Chipu haikuonyeshi paka yuko wapi kwa ramani. Haina betri, haitumi kitu. Ukiskia mtu TikTok anakuuzia chipu ya "kumwona paka live", ficha M-Pesa yako.)

Inafanya kazi? Watafiti wa Marekani walihesabu wanyama katika vituo vya kuokoa vya majimbo kadhaa na kuchapisha mwaka wa 2009. Kati ya paka wote wa kuokotwa mtaani walioletwa hapo, walirudi kwa wenyewe chini ya wawili kwa kila 100. Kwa wenye chipu, ilikuwa zaidi ya 38 kwa kila 100. Na pale chipu ilipofeli, sababu moja kubwa ilikuwa namba ya simu iliyobadilika ama haipatikani. Hiyo ingekuwa shida yetu pia, tunavyobadilisha laini kama soksi. Lakini ni shida ya kutatuliwa na ujumbe mmoja wa kukukumbusha kila mwaka, na kwa nchi iliyofanya pesa zipite kwa simu tangu 2007, sioni kwa nini rejista ya paka iwe ya kuandikwa kwa kitabu cha counter.

Hapa Nairobi kuna madaktari wa mifugo wanaoweka chipu, na wateja wao wengi ni wale wanaosafirisha wanyama nje ya nchi. Kwa mtaa wa kawaida hakuna mtu anaijua. Chama cha kulinda wanyama, KSPCA, ambacho kimekuwa hapa tangu enzi za mkoloni na kina makao yake upande wa Karen, hupokea wanyama waliookotwa. Ukipoteza paka, peleka picha huko mapema. Lakini chama kimoja hakiwezi kuwa mfumo wa mji wenye watu zaidi ya milioni 4. Kama paka ameokotwa Dandora, aliyemwokota hatapanda magari mawili hadi Karen kumpeleka. Atamwacha pale pale, au atamlea. Ndiyo maana rejista ya kaunti, ikiwa ya kweli, ingekuwa kitu cha maana. Mbwa wa Nairobi wamekuwa na sheria zao za leseni kwa miaka mingi. Wewe umewahi kuskia mtu akisema "mbwa wangu alipotea, kanjo wakanipigia"?

Sasa tuwe wakweli na upande wa pili, kwa sababu kuna watu online wanafanya ni kama chanjo pia ni njama. Si njama. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Mbwa ndio wanaoambukiza watu kwa asilimia kubwa sana, Shirika la Afya Duniani linasema hadi 99, lakini paka anaweza kukipata akiumwa na mbwa mgonjwa na akakuletea. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya huu ugonjwa kufikia 2030. Kwa hivyo kile kipengele cha chanjo, mimi nakiunga mkono mikono miwili. Na kinakuhusu hasa wakati unatafuta paka, kwa sababu ndio wakati utashika paka wasio wako usiku na wakukwaruze. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama kitavimba.

Ila chanjo inafika kwa watu ikiletwa karibu nao. Ukiweka chanjo na chipu kwa hema moja, Jumamosi, uwanja wa mtaa, hata yule wa "anakujanga tu" ataletwa na mama wa kibanda kwa boksi. Ukiiweka kama sharti la kupata leseni ofisini town, ataletwa nani?

Kuna hofu nyingine ambayo watu wa mtaa wanaijua na wenye kuandika miswada hawaigusi. Paka wetu hawapotei kwa kutembea peke yake. Wengine wanakula panya aliyekula sumu, na hufi wewe kwa kuiweka, anakufa paka wa jirani. Wengine wanapigwa mawe kwa sababu mtu aliambiwa paka mweusi ni jini. Na Juni 2018 kule Nakuru mwanaume mmoja alikamatwa na nyama ya paka, akakiri alikuwa akiwauzia watu wa samosa, akafungwa miaka mitatu. Nchi nzima iliacha samosa za mtaa kwa wiki mbili, tukatengeneza jokes, tukarudi kuzila. Swali ambalo halikuchukua muda lilikuwa: hao paka walikuwa wa nani? Bila shaka kuna watu Nakuru waliokuwa wakiita majina usiku kwa vichochoro, miaka, bila kujua. Hakukuwa na mahali pa kuripoti paka aliyepotea, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kuona kwamba wanapotea wengi kutoka sehemu moja.

Kuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ya tangu miaka ya sitini. Unaweza kuripoti kituo cha polisi mtu akimtesa paka wako. Ukienda kuripoti kwamba amepotea tu, jiandae kuchekwa pale kwa OB.

Na kuna matapeli. Ukishaandika "zawadi 2,000 kwa atakayempata", simu itaingia kabla ya lisaa. "Niko na paka wako hapa Kitengela, nitumie fare nimlete." Usitume. Kwa tangazo lako, ficha alama moja: doa chini ya kidevu, ncha ya mkia iliyopinda, sikio lililokatika. Anayepiga akuambie hiyo alama. Ama afungue video call hapo hapo. Mtu mwenye paka wako kweli hatakosa dakika moja ya kumuonyesha, na akisema kamera imeharibika, hiyo ni kazi yake, kata simu. Ukienda kumchukua, nenda na mtu, mchana, mkutane kwa petrol station na si kwa keja ya mtu usiyemjua. Na ukimpata, lipa hiyo zawadi, bana. Mtaa unakumbuka.

Kitu kimoja cha ajabu kabla nimalize. Kenya ni moja ya nchi chache za Afrika zenye aina ya paka inayojulikana dunia nzima kwa jina la mahali petu. Anaitwa Sokoke, kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Wagiriama walimjua kitambo na wanamwita kadzonzo, kwa sababu manyoya yake yanafanana na gome la mti. Mwaka wa 1978 mwanamke mmoja aliyeishi huko pwani akaokota watoto wa huyo paka na kuwalea, na miaka ya themanini wengine wakapelekwa Denmark. Leo Sokoke ana rejista Ulaya na Marekani, babu na nyanya wake wameandikwa, kila mmoja na namba. Huku kwao, mtoto wa binamu yake akipotea Mtwapa hakuna hata daftari.

Mswada bado ni mswada. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge la kaunti kuskiza wananchi kabla ya kupitisha sheria, na hilo bunge liko pale City Hall. Tumeshajua mwaka huu kusoma miswada, hatuwezi kurudi kujifanya hatujui. Ukienda ama ukiandika, usiandike tu "hatutaki ushuru wa paka", hiyo wameshaiona. Waulize leseni inakuja na chipu ama ni karatasi. Waulize rejista itashikwa na nani, na je, aliyeokota paka saa nne usiku Jumapili ataweza kuangalia namba kwa simu yake bila kungoja Jumatatu. Waulize paka wa kibanda, yule wa watu wanne, atasajiliwa kwa jina la nani. Waambie ada ya mara moja, na chanjo mtaani. Halafu wape swali la mpangaji: kama kaunti inachukua pesa yangu na kunipa leseni ya kufuga paka, je, landlord bado anaweza kunifukuza kwa sababu ya huyo huyo paka?

Memoranda inaandikwa kwa Karani wa bunge la kaunti. Ukurasa mmoja unatosha.